Mtu wa Kumi na Mbili

Baba yangu alikuwa mtu wa mkeka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na ukiicheka tutakosana. Kwenye klabu ya shamba la kahawa kule Ruiru, kriketi haikuchezewa kwenye nyasi tupu. Katikati ya uwanja kulikuwa na ukanda wa maram, udongo mwekundu ulioshindiliwa, na kila Jumapili asubuhi ulitandikwa juu yake mkeka mrefu, mzito, wa kamba za makumbi ya nazi. Wanaume wawili waliuvuta, mmoja kila upande, mpaka ukakaza, halafu wakaupigilia misumari kuuzunguka. Ukibaki na kunjo moja tu, mpira unaruka vibaya na mtu anapoteza meno. Baba alivuta upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa wa baba mdogo, ndugu yake wa kumfuata.

Walitoka magharibi mwa nchi pamoja, vijana wawili na sanduku moja. Nyanya yangu aliwasindikiza mpaka barabarani, akamshika baba mkono, akamwambia, "Umeondoka naye, utarudi naye." Kwetu hilo si neno la kuagana tu. Watu wakiondoka pamoja wanarudi pamoja. Mmoja akikosekana, aliyerudi haingii kwake kwanza, anakwenda mlangoni kwa mama wa yule mwingine na kusema amemwacha wapi. Na sasa fikiria kama mama wa yule mwingine ni mama yako wewe mwenyewe.

Ndani ya klabu, ukutani, kulikuwa na picha mbili za zamani. Zilikuwa za timu ya Uingereza iliyosafiri kwa meli kwenda Australia enzi za Malkia Victoria, kucheza kriketi ng'ambo. Wazungu wenye ndevu mpaka kifuani, kofia zimekaa upande, nyuso za watu waliotapika baharini wiki baada ya wiki na bado hawajapata chai. Picha ya kwanza walipigwa wakiwa wanaondoka. Ya pili walipigwa mwisho wa safari. Baba alizipangusa vumbi kila Jumamosi na hakuwa na haja nazo. Aliziangalia sawasawa baada ya mimi kuzaliwa, na nitaeleza kwa nini.

Juma lile nililozaliwa, klabu ilikuwa na safari ya kwenda kucheza Moshi. Mtu wa mkeka ilibidi aende na lori, maana wenyeji wa huko hawakuwa na mkeka wa kuaminika. Mama alishikwa na uchungu siku moja kabla. Baba akasema hawezi kumwacha. Baba mdogo akacheka, akamwambia, "Wewe baki uzae, mimi nitaenda," kana kwamba baba ndiye aliyekuwa anazaa. Akapanda juu ya mkeka nyuma ya lori, akapunga mkono. Kwa hiyo usinidanganye kwamba mtoto mchanga hana hatia. Mimi nilifika duniani na kumtoa mtu kwenye nafasi yake.

Lori lilirudi Jumatatu. Mkeka ulikuwemo, baba mdogo hakuwemo. Walisema alishikwa na homa kali, wakamlaza hospitali ya huko, na wao wana kazi hawangeweza kungoja, lakini atafuatwa wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi. Kisha mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na ulipofunguliwa mimi nilikuwa tayari naenda shule. Baba alikwenda siku ya kwanza aliyoweza. Hospitalini wakamwambia yule mgonjwa alipona, akatoka kwa miguu yake mwenyewe, akashukuru. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua. Baba alizunguka Moshi siku tisa akiuliza, akarudi na viatu vimekwisha.

Ndipo alipoanza kuhesabu zile picha. Nilikuwa nimemsindikiza Jumamosi moja, nimekaa sakafuni, nikamwona amesimama na kitambaa mkononi, midomo inatembea. Picha ya kwanza, watu kumi na wawili. Ya pili, kumi na mmoja. Akahesabu tena. Akanibeba nihesabu na mimi, maana nilikuwa nimejua namba. Kumi na mmoja.

"Unaona?" akaniambia. "Huyu wa mwisho, aliyekunja mikono. Hapa yupo, hapa hayupo. Walimwacha wapi?"

Siku ile ile akamuuliza karani wa klabu, mtu aliyekunywa chini ya picha hizo miaka nenda miaka rudi. Karani akainua macho, akasema, "Haiya, kwani walikuwa wangapi?" Hakuna aliyewahi kuhesabu. Baba alikasirika kana kwamba ni wao waliomwacha yule mzungu njiani. Na kwa kweli baadhi yao walikuwa kwenye lile lori.

Magharibi baba hakurudi tena. Alituma blanketi, sukari, nguo za Krismasi, karo za watoto wa ndugu. Alituma kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe. Ndugu zake walikuja kututembelea na kumsihi, naye aliwachinjia kuku na kuwasindikiza hadi stendi. Mama yangu, ambaye ni mtu wa Thika na hana subira na mambo ya huzuni ndefu, alikuwa akimwambia, "Mzee, mama yako anataka kukuona wewe, si kukuhoji." Baba alimjibu kwamba mama yake akimwona peke yake hatahitaji kuhoji.

Shamba lilipouzwa na uwanja ukagawanywa kuwa ploti, wafanyakazi waliambiwa wachukue wanachotaka kabla ya tingatinga kufika. Wengine walibeba mabati, wengine meza. Baba alibeba mkeka na zile picha mbili, watu wakamcheka mpaka wakakaa chini. Akanunua kiploti hapa Gitothua. Si kwamba alipapenda, ila kutoka hapa unatembea robo saa tu unafika lilipokuwa geti la klabu. Pale sasa pana fleti za ghorofa sita na soja getini. Na kila soja mpya alipoandikwa, baba alivaa koti lake, akaenda, akamsalimia vizuri, akamwambia, "Kijana, akija mtu akiuliza mtu wa mkeka, mlete kwangu." Masoja wa pale hawadumu. Nadhani alisema maneno hayo kwa watu ishirini. Mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo, Mzee wa Mkeka, na watoto wengi walidhani anauza.

Mimi nilifanya kazi kiwanda cha mananasi Thika, nikaolewa Gatuanyaga kwenye vumbi na mbuzi, na mama alipofariki nikarudi Gitothua kumtunza baba. Ilipaswa kuwa mwezi mmoja. Mume wangu ni mvumilivu kuliko ninavyostahili.

Shangazi yangu alianza kupiga simu miaka ile. Yeye huzungumza kwenye simu kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mto. Akasema nyanya amechoka, ana miaka karibu mia, anataka kupumzika, lakini hawezi kufa na mtoto mmoja hana kaburi. Kwetu mtu akipotea na mwili usionekane, kuna njia. Mgomba unakatwa, shina linafungwa kwenye sanda, linazikwa kwa sala na vilio kama mtu. Hapo mama anapumua. Lakini ruhusa lazima itoke kwa yule aliyeondoka naye, na baba hakuitoa.

"Asiyekuwepo na lake halipo!" shangazi akafoka.

"Kawia ufike," baba akamjibu polepole, akakata simu. Hayo mawili waliyarushiana kwa miaka.

Siku moja binti yangu alikuja kutoka chuo. Akamkuta babu yake amekaa na zile picha magotini, akiuliza tena lile swali lake la kale: huyu walimwacha wapi? Binti yangu akatoa simu. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Akaja jikoni akaninong'oneza, "Mum, nimempata."

Akanisomea. Timu iliondoka na wachezaji kumi na wawili tu. Katikati ya safari wakavuka kwenda New Zealand, na huko yule aliyedaka mipira nyuma ya vijiti vya wiketi akaingia kwenye ugomvi wa hotelini, akatiwa korokoroni. Wenzake walikuwa na mechi kubwa Australia. Meli haikungoja. Wakamwacha, wakaenda kucheza kumi na mmoja, bila hata mtu mmoja wa akiba. Baadaye korti ikamwachilia, na watu wa mji ule wakamwonea huruma, wakamchangia zawadi. Akapanda meli nyingine, akarudi kwao.

Nilisimama pale na kijiko mkononi. Wajua, kwa miaka yote sikuwahi kufikiri kwamba swali la baba lina jibu. Na nikaona papo hapo jibu hilo linaweza kufanya nini. Nikisema hakurudi, kwamba alifia huko, baba atainamisha kichwa, ataruhusu mgomba uzikwe, nitampeleka kwao amwone mama yake akiwa hai. Nyanya atapata kaburi la kulilia. Nami nitarudi Gatuanyaga kwa mume wangu. Neno moja tu. Nikamwambia binti yangu anyamaze, nitamwambia mwenyewe, na nilikuwa nimeazimia kudanganya. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshachagua hadi ugonjwa uliomuua.

Nikaingia sebuleni. Baba alikuwa ametusikia tukinong'ona. Akaweka kidole kwenye yule mzungu aliyekunja mikono, akaniangalia.

"Alirudi?"

"Alirudi, baba."

Ilitoka hivyo. Sijui nani alinisukuma ulimi. Baba alicheka, kicheko cha kijana, ambacho sikuwahi kukisikia kwake, akajipiga goti, akasema, "Kawia ufike! Nilijua! Nilijua mimi!" Akataka kusikia yote, korokoroni, korti, zawadi, meli. Nikamsimulia. Kisha akauliza swali ambalo jibu lake mimi na simu ile hatukulijua.

"Na alipofika, nani alikuwa anamngoja?"

Binti yangu akatafuta. Nikamwambia baba ukweli, haijaandikwa.

"Basi," akasema baba, "wa kwetu asije naye akaandikwa hivyo, kwamba alifika asikute mtu. Mtu mmoja lazima abaki."

Nyanya alifariki mwaka uliofuata. Baba hakwenda. Alikaa kitandani akilia na mlango umefungwa, na nilipomletea uji akaniambia, "Mama, ulifanya vizuri kunieleza." Kwetu baba humwita binti yake mama. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Kuna siku najiona nilimpa baba furaha kubwa kuliko zote alizopata, na kuna siku nasikia sauti ya mwanamke mzee ambaye sikuwahi kumwona, akiuliza mwanawe yuko wapi.

Baba naye alitutoka mwezi wa Juni, asubuhi, akiwa anajaribu kuvaa koti. Ukoo ulikuja na gari kumchukua, na hapo hakuna aliyebisha, hata mimi. Mtu huzikwa kwao. Tulifika jioni. Jeneza likateremshwa, lakini halikupelekwa kwenye nyumba aliyojengewa na ndugu zake. Lilipelekwa kwanza mlangoni kwa nyanya, nyumba tupu sasa, kuku wakipita ndani. Shangazi akasimama mlangoni mahali pa mama yake. Amezeeka, amekuwa mdogo. Aliweka mkono juu ya ubao, na safari hii hakupiga kelele.

"Mliondoka wawili," akamwambia. "Mwenzako umemwacha wapi?"

Watu wote wakaniangalia, maana maiti hajibu na mimi ndiye mtoto wake mkubwa. Walitaka niseme baba mdogo amekufa. Mgomba ulikuwa umeshakatwa, niliuona nyuma ya jiko, na sanda juu yake. Nililia kwanza, nililia vibaya, kwa ajili ya baba aliyerudi peke yake kama alivyoogopa. Halafu nikasema, "Yuko njiani." Shangazi akasogea, akawapisha waliobeba jeneza. Ng'ombe walilishwa ule mgomba.

Nilirudi Gitothua kufunga nyumba. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mume wangu, na nilikuwa na nia hiyo hasa. Wanunuzi wamekuja watatu, mmoja na futi yake ya kupimia. Mkeka ungali umesimama kwenye kona ya sebule, umekunjwa, unanuka vumbi na mvua za zamani, na kila nikiugusa napata hamu ya kumwona baba. Na nina hamu ya kumwona mtu mwingine pia, ambaye sijawahi kumwona, aliyepunga mkono nyuma ya lori nikiwa sijazaliwa. Nilifikiri hamu hiyo ilikuwa ya baba na itazikwa naye. Kumbe.

Wiki iliyopita niliona soja mpya kwenye geti la fleti. Nikaingia ndani, nikavaa koti la baba, mikono yake mirefu kwangu nikaikunja, nikatembea hiyo robo saa. Kijana alikuwa anakunywa soda. Nikamsalimia vizuri.

"Akija mtu mzee," nikamwambia, "akiuliza mtu wa mkeka, usimwambie amekufa. Mlete kwangu, nyumba ya tatu baada ya kanisa. Nitamwambia mwenyewe."

"Sawa mathe," akasema. "Nimwambie nani anamuita?"

"Mwambie ni yule mtoto."