Kadi ya Salamu kutoka Kimulot

Blogu yangu naiandikia kwenye simu, nikiwa nimesimama juu ya kisiki kando ya shamba la chai, maana hapa Kimulot netiweki ni ya kubembeleza. Naandika aya mbili tatu za maisha yangu, nabonyeza "chapisha", nangoja kale kaduara kazunguke mpaka kachoke. Halafu naangalia kama kuna mtu ameacha maoni. Hakuna. Jana hakukuwa, juzi pia. Wanangu walioko Nairobi wananicheka: ati Mama, unamwandikia nani? Nawaambia waniache. Kuzungumza na watu nisiowaona nilianza kitambo.

Nilianza miaka ya tisini, nikiwa msichana wa kuchuma chai. Nilitoka kwetu Vihiga kufuata kazi huku, nikapewa chumba kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja. Majirani karibu wote waliongea Kipsigis, nami sikujua hata kuomba chumvi. Hawakuwa wabaya. Walinionyesha jinsi ya kufunga kikapu mgongoni, wakacheka nilipokifunga kombo, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao. Mchana mvua ya mawe ilitupiga shambani, na jioni nilikaa kitandani nikisikia wenzangu wakipiga soga ng'ambo ya ukuta. Jamani, kusikia watu wakicheka na hujui wanacheka nini! Afadhali ningekaa msituni.

Nyumbani hakukuwa na simu, na mama hakujua kusoma. Lakini alikuwa na redio. Basi nikaanza kununua kadi za salamu dukani. Ulikuwa unajaza jina lako, mahali ulipo, watu unaowasalimia na ujumbe mfupi, unaipeleka posta, na mtangazaji akiipata anaisoma hewani. Wengine walisalimia ukoo mzima na kwaya yote ya kanisa. Mimi nilijaza mtu mmoja tu, Mama, nafasi nyingine nikaziacha wazi. Siku moja mtangazaji akanitania: "Huyu dada wa Kimulot kwani hana marafiki?" Laini nzima ikacheka. Niliumia sana, lakini kadi sikuacha kutuma.

Kilichoninyima usingizi ni kimoja: sikujua kama mama anasikia. Pengine mawe ya redio yameisha, na betri si kitu cha kununua ovyo. Pengine saa hiyo yuko mtoni. Kila Jumapili tukitoka kanisani nilienda kusimama mlangoni kwa jirani mwenye redio. Jina langu lilisomwa, likapita, nami nikabaki pale pale kama mtu aliyesahaulika stendi. Jibu halikuja hata mara moja. Nikaanza kumkasirikia, Mungu anisamehe. Kwani angeshindwa kumwomba mtu amjazie kadi?

Likizo ilipofika nilienda nyumbani na hasira zangu zote. Nikamkuta jikoni. Hata sukari niliyobeba sikuwa nimeitua.

"Mama, salamu zangu hukuzisikia?"

"Nilizisikia zote." Kumbe wiki nzima alikuwa akiyaanika yale mawe juani, redio haiguswi na mtu, mpaka Jumapili ifike.

"Sasa mbona hukujibu?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Sikujibu? Nani alikwambia?"

Kwetu mtu akikusalimia ukanyamaza, umemdharau. Mama alikuwa akisikia jina langu anaacha sufuria, anafuta mikono kwa leso, anasimama mbele ya redio na kujibu kwa sauti, kwa salamu ya kwetu ya amani: "Mirembe, mwanangu."

"Najua redio haina masikio, usinifanye mjinga," akasema. "Lakini ni wewe umenisalimia, ningenyamaza vipi? Nilikuwa najibu, halafu nakuuliza, umekula? Nangoja kidogo. Halafu yule mtangazaji anaanza kusoma ya mtu mwingine."

Nililia pale jikoni, nikasingizia moshi. Miezi yote hiyo mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa watu nikingoja jibu, na yeye amesimama mbele ya redio akingoja langu.

Niliporudi Kimulot, kila kadi niliijaza ujumbe ule ule mmoja. Mtangazaji alishangaa, akacheka, akauliza hewani kama nimerogwa, lakini aliusoma. Siku hizi mama hayupo, na ile redio sijui ilienda na nani. Nimebaki na simu hii na kisiki changu. Nikimaliza kuandika, kabla sijabonyeza, huwa naongeza chini maneno yale ya kadi, na asiyeyaelewa ayaruke tu.

Nimekula, Mama.