Namba ya Zamani, Namba Mpya

Mjukuu wangu anatengeneza programu za simu. Juzi alikuja kunisalimu huku Nyansiongo akiwa amenuna. Kazini wanabishana ni lini waache kuzihudumia simu za zamani, maana kila kitu inawabidi wakiunde mara mbili. Nikamuuliza wanajuaje waliobaki nazo ni wangapi. Akasema simu zenyewe huwaambia. Nikacheka. Simu zao ni jasiri kuliko watu wa kanisa letu.

Mimi pia niliwahi kukaa katika kamati ya namna hiyo, miaka ya sabini, nikiwa mwalimu kijana mwenye haraka na mdomo. Sisi Wasabato tulikuwa tukisali katika ghala la mahindi lililoachwa na mzungu mwenye shamba, na mimi ndiye niliyetaja namba za nyimbo. Kikaja kitabu kipya. Nyimbo zilikuwa zilezile na nyingine chache, ila zilipangwa upya, hata hakuna wimbo uliobaki na namba yake. Basi kila wimbo nikawa nautaja mara mbili, namba ya zamani na namba mpya. Wazee wanapekua, watoto wanapekua, mhubiri anapiga miayo. Mwendo wa kinyonga! Nilichoka, na sikuficha.

Mzee wa kanisa alitaka tuendelee mpaka kitabu cha zamani cha mwisho kichakae. Nikamwambia vitabu vya wazee wetu havichakai, vinafungwa vitambaa kama watoto wachanga. Nikapendekeza tuhesabu. Tangu hapo, kila mwanzo wa mwezi niliwaomba wenye kitabu cha zamani wainue mikono. Ilikuwa mingi, ikapungua, ikaja Sabato ambayo hakuna aliyeinua. Kamati ikakubali: kuanzia Sabato ifuatayo, namba mpya peke yake.

Mama mkwe wangu alikaa benchi la mbele. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Nikishataja namba, sauti yake hutoka kwanza na kanisa hufuata. Herufi hakuzijua. Marehemu baba mkwe alimfundisha tarakimu tu, na kwa tarakimu hizo aliujua kila wimbo wa kitabu chake. Akisikia namba, anafunua, anaweka kidole, anaimba bila kuhitaji neno hata moja la ukurasa. Nilikuwa nimemnunulia kitabu kipya kule Keroka. Alikipokea kwa mikono miwili, akanibariki, nami nikadhani mambo yamekwisha.

Sabato hiyo ya kwanza nikataja namba mpya peke yake. Mama akafunua, akaweka kidole, akaanzisha kwa nguvu zake zote wimbo wa mavuno. Kanisa lilikuwa limefunua wimbo wa ubatizo. Aliimba mstari mzima peke yake kabla hajagundua. Vijana wa nyuma wakacheka. Akanyamaza, akakifunga kitabu, kile cha zamani, akakiweka magotini. Masikio yaliniwaka kwa aibu.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nikamuuliza, "Mama, mbona hukuinua mkono tulipohesabu?"

Hakukasirika. "Ningeinuaje, mwanangu, na wewe ndiwe uliyekuwa unahesabu? Watu waseme mama anampinga mwalimu wake mbele ya kanisa?"

Nilitembea nikiwaza ile mikono. Haikupungua kwa sababu vitabu vilikwisha. Ilipungua kwa sababu kila mwezi wenye kuinua walikuwa wachache zaidi, na macho ya kuwatazama yalikuwa mengi zaidi, yangu yakiwa ya kwanza. Nilitaka kujua nani bado anatuhitaji, na nikauliza kwa namna ambayo mwenye adabu hawezi kujibu.

Sabato iliyofuata nilitaja namba mbili bila kuiuliza kamati. Vijana wakaguna, nikawaacha wagune. Namba ya zamani niliitaja kwanza, polepole, nikimtazama mama. Alifunua, akaweka kidole. Nikamngoja aanzishe. Kanisa zima likamngoja. Hakuinua kichwa. Mwishowe mzee wa kanisa akaanzisha mwenyewe, kwa sauti ya chini kuliko tulivyozoea, na mama akaingia mstari wa pili, pamoja na watu wengine wote.