Zamu za Trakta Zilizopotea Kathonzweni

Saa mbili asubuhi, Kathonzweni. Kanyiva Musembi, 34, ameketi mbele ya kompyuta katika ofisi ya kikundi cha wakulima. Chai yake imepoa. Anaingia Kalunde Nzioka, mjane mwenye ekari tatu, kwa mara ya nne mwezi huu.

"Simu iliniambia nimeandikwa," anasema Kalunde. "Mara tatu. Na trakta inapita tu kwangu ikienda kwa wengine."

Kanyiva ndiye aliyeandika programu ya Java inayopanga zamu za trakta ya kikundi. Hulipwa shilingi 28,000 kwa mwezi, na wiki tatu sasa anaongezewa matusi. Wakulima kumi na tisa wametoweka kwenye orodha. Inasemekana mwenyekiti anauza zamu. Mvua ya Novemba nayo haimngoji mtu.

"Nimechoka," anakiri. "Nikisikia mlango tu, roho inashtuka."

Kosa aliliona jana mchana. Programu ina njia kumi za kufikia hifadhidata, yaani ghala la majina na zamu. Kila ombi huazima moja, kisha huirudisha. Kinachoandikwa huhifadhiwa papo hapo, kwa mpangilio uitwao autocommit. Sehemu moja ya programu huuzima mpangilio huo ili ihifadhi mambo mawili kwa pamoja. Ikikwama katikati, njia hurudishwa mpangilio wake ukiwa bado umezimwa. Mkulima anayefuata hupewa njia hiyo, hutumiwa ujumbe kwamba ameandikwa, lakini jina halihifadhiwi. Sava, kompyuta inayoendesha programu, ikizimwa, limekwenda.

"Ni kama kuazima punda ya jirani, unaifunga miguu, unairudisha hivyo hivyo," anamweleza Kalunde. "Mwenye anakuja nyuma anaibebesha maji, na hajui haiwezi kutembea."

Kalunde anafikiri kidogo. "Na ni nani aliifunga?"

"Ni mimi, Mama. Si mwenyekiti."

Ameshairekebisha programu: sasa kila njia hurejeshwa katika hali yake ya awali kabla ya kuazimwa tena. Anaandika jina la Kalunde, anazima sava, anaiwasha. Jina lipo. Zamu yake ni Jumanne.

Alhamisi atasimama mbele ya mkutano wa kikundi na kuwaeleza wote kumi na tisa. Anajua huenda akapoteza kazi, na anaogopa.

"Wakinifukuza, sawa. Lakini trakta ifike kwako, Mama, kabla ya mvua," anasema.

Kalunde haondoki. Anasukuma daftari la wageni lililo mezani mbele ya Kanyiva.

"Niandike na hapa pia."

Kanyiva anachukua kalamu.