Kiuno cha Chura

Baba yangu ameshona nguo kwa miaka thelathini na minane na hajawahi kukubali kwamba amekosea. Ukimwambia suruali inabana, atakuuliza umekula nini. Kwa hiyo siku niliyoingia chumba chake cha kushonea na ndoo yenye chura asiyeenea kwenye viganja vyangu viwili, nilijua najitafutia maneno, lakini sikuwa na njia nyingine.

Ninatafiti vyura wale wakubwa wanaonguruma kama ng'ombe mvua zikianza. Tunamfunga dume mkanda kiunoni wenye kifaa kidogo cha redio, halafu tunamfuata kwa antena tujue anakwenda wapi na anafanya nini. Nilianza na vifaa vinane. Sita vilichomoka pamoja na mikanda yangu ya kamba, vikapotelea matopeni. "Hivi viwili vikianguka," msimamizi wangu aliniambia, "tunafunga utafiti." Masomo yangu ya mwaka mzima yangekwenda na maji.

Baba akavaa miwani. "Mteja asimame wima," akasema, akampitishia futi kiunoni huku mimi nimemshika. Sentimeta ishirini na nne. Akashona mkanda wa lastiki laini, hata mshono huuoni. Asubuhi yake tuliukuta mkanda mzima ndani ya beseni tulimomhamishia chura, naye kaukalia.

Baba alinuna. Katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kumdondokea nje ya nguo. Aliliweka beseni kando ya cherehani, akaendelea kushona sare za shule, jicho moja kwa chura. Nilidhani amekata tamaa. Saa saba mchana akaniita.

"Hebu mguse."

Nikamgusa. Chura akatuna.

"Sasa mwache. Kakae kule."

Nikarudi nyuma hadi mlangoni. Taratibu, chura akanywea, mpaka ngozi ikamlegea ubavuni.

"Wateja wangu wote huvuta tumbo ndani nikiwapima," Baba akasema. "Huyu bwana analitoa nje. Mimi nimeupima upepo."

Niliona aibu kweli. Kwamba chura hujijaza hewa ili adui ashindwe kummeza nilikuwa nimelisoma, tena nimelifanyia mtihani na kupata alama zote. Haikunijia hata siku moja kwamba adui mwenyewe ni mimi na futi yangu.

Alasiri ile sare za shule zililala. Baba alimvika chura kitanzi cha uzi kilicholegea, akaziacha ncha zake nje ya beseni, akaketi mbali. Alipokuwa akingoja, alinihoji kama mtoto mdogo. Anasikia kwa kutumia nini? Kiangazi anajificha wapi? Ana mbavu?

"Hana, Baba."

"Ndiyo maana hana kiuno."

Chura aliponywea, Baba akavuta uzi polepole, akautia alama kwa kalamu. Kumi na tisa. Safari hii aliunga mkanda kwa kipande cha uzi wa pamba, utakaooza wenyewe baada ya miezi kadhaa. Hakutaka chura wa watu azeeke na mzigo wetu.

Siku ya kumi na mbili baada ya kumwachia, antena ilinipeleka kwenye kidimbwi kilichokuwa kikikauka. Nilichokiona kilinifanya nimpigie Baba simu aje upesi. Alikuja na futi bado iko shingoni.

Kidimbwi kilikuwa cheusi kwa viluwiluwi. Dume wetu alikuwa ukingoni, anachimba tope kwa miguu ya nyuma, anafungua mfereji kuelekea dimbwi kubwa. Maji yalishaanza kupita.

"Anafanya nini?"

"Anawatolea wanawe njia, maji yasije yakawaishia."

"Mama yao yuko wapi?"

"Alitaga akaenda zake. Huyu ndiye anayebaki nao."

Mama alipofariki, shangazi zangu walikuja kutugawana, mimi kwa huyu, wadogo zangu kwa yule. Baba aliwakatalia, akatulea sote watatu chini ya meza ya cherehani, kati ya vipande vya vitambaa. Hajawahi kulizungumza jambo hilo, na siku ile pia hakulizungumza. Alichuchumaa tu, anatazama.

Machozi yalikuwa yananilenga, nikaona nijifiche kwenye kazi. "Mkanda umekaa, Baba. Nisogee niukague?"

"Mwache," akasema. "Ukimsogelea atajijaza upepo, na ana kazi."