Nilimupa mutoto dawa ya kosa langu

Jina langu sitaliandika, kwa sababu binti yangu anasoma na watoto wenu hapa Bukavu. Lakini kosa ni langu, simusukumii mutu.

Binti yangu, nitamuita Nsimire, ana miaka tisa. Siku moja nilirudi nyumbani na hasira za kazi, nikakuta maharagi yameungua na yeye anacheza nje. Nilimuzaba kofi la sikio kwa nguvu zangu zote. Akaanguka. Nikamuinua, nikamuzaba tena palepale. Damu kidogo ilitoka sikioni, nikaipanguza na pamba, nikamukataza kumwambia papa yake. Nilijiambia: hata sisi tulilelewa hivi, na hatukufa.

Haikupita muda mrefu, mwalimu wake akaniita.

“Maman Nsimire, mutoto haiko pamoja na sisi. Ninamuita, anaangalia dirisha. Ninawasomea dictée waandike, yeye anaandika mambo yake. Mumupeleke kwa docteur.”

Nikamupeleka kwa dokta mumoja wa kliniki ya watu wenye uwezo. Aliniuliza kama mutoto anasahau, kama hasikilizi, kama hatulii. Kwa yote nilijibu ndiyo. Yeye hakumugusa mutoto, hata masikio hakuyaangalia. Akasema ni ugonjwa wa kukosa uangalifu, akaandika vidonge.

Na mimi nilifurahi! Ugonjwa hauna mwenye kosa. Lile kofi nililikumbuka palepale kwenye kiti, nikalimeza.

Vile vidonge vilimukausha mutoto. Akaacha kula. Akawa anakaa kama sanamu ya kanisani, na mwalimu akanisifu kwamba sasa mutoto ametulia. Lakini dictée iliendelea kuwa mbaya.

Asubuhi moja akakataa dawa.

“Maman, moyo unapiga sana. Sitaki.”

Nilimulaza chini, nikamuwekea goti kifuani, nikamuziba pua ili afungue kinywa. Akaniuma kidole mpaka damu. Nikachukua mwiko wa bugali, nikampiga nao mabegani, mgongoni, popote. Alilia kwa sauti ambayo sikuijua. Bwana yangu, aliyekuwa anaoga, alitoka na sabuni mwilini, akanisukuma nikagonga ukuta. Alipomubeba mutoto akasikia harufu ya usaha.

“Sikio lake linaoza,” akasema. “Wewe hukuona?”

Tulikwenda hospitali kwa dokta wa masikio. Aliangalia muda mrefu na taa yake ndogo, halafu akaweka vyombo chini.

“Ngozi ya ndani imepasuka. Huyu mutoto upande huu hasikii. Nani alimupiga?”

Nsimire akajibu haraka kabla yangu: “Nilianguka.”

Alikuwa ananikinga. Kifua chake kilikuwa bado na alama ya goti langu, na alikuwa ananikinga.

Nikasema: “Ni mimi.” Bwana yangu alimuvalisha mutoto viatu, akatoka naye.

Vidonge tuliviacha. Usaha ulikauka, lakini dokta alisema kusikia hakutarudi kote. Sasa mwalimu anamukalisha mbele, na dictée anaiweza. Analala kwa koko yake, mama ya bwana yangu, na mimi ninaruhusiwa kwenda kumuona. Juzi nilinyoosha mukono nimutengeneze nywele. Akafunika kichwa na mikono yake miwili. Koko akageuza uso.

Wazazi wenzangu, sisemi ugonjwa ule haupo. Iko watoto walio nao, na dawa inawasaidia. Lakini mutoto asiyesikiliza, mumupime masikio, mumupime macho, mumuulize kama anaogopa mutu. Dokta akiuliza maswali mawili matatu na kuandika dawa, mukatae, mutafute mwingine. Na kama mukono wako ulimugusa, sema kwanza, hata kama utaaibika. Mimi nilinyamaza, na mutoto wangu ndiye aliyelipa.