Mawe ya Redio

Juzi nilirudi nyumbani Birongo, nikapita karibu na shule yetu ya msingi. Siku hizi wana mbao nyeupe. Nilisimama barabarani kama mjinga, nikitafuta harufu ya mawe ya redio.

Betri kuukuu tuliziita hivyo, labda wewe pia. Muhula ukianza, mwalimu wa sayansi alituagiza tulete mawe yaliyokwisha nguvu. Tuliyapasua, tukatoa unga mweusi, tukauchanganya na majani ya viazi vitamu na kupaka ubao. Kusaga ilikuwa kazi yangu, maana sikuvumilia chembe hata moja.

"Huyu ndiye mkemia wetu!" mwalimu alisema kutoka nje ya dirisha, leso puani.

"Vumbi linakaba, mwalimu."

"Ni mawe tu. Saga."

Nikaamini. Kama ni mawe, basi yasagwe kwenye jiwe. Nilibeba unga nyumbani, nikausagia kwenye jiwe la nyanya yangu la kusagia wimbi, yeye akiwa shambani anachuma chai. Nililiosha mara tatu, ukamilifu wangu huo. Asubuhi uji ulinukia moshi, mtamu kama kawaida.

"Nani ameosha jiwe langu hivi?"

"Ni mimi, nyanya."

"Ubarikiwe, mtoto wangu."

Nilifanya hivyo miaka mitatu.

Kemia nimejifundisha mwenyewe, kwa simu na vitabu vya kuazima. Mwaka huu ndipo nilisoma kwamba unga ule una metali iitwayo manganisi, na kwamba ikiingia mwilini kwa muda mrefu huweza kuharibu neva, mtu akatetemeka. Nyanya alituacha akitetemeka mikono, hata kikombe kilimshinda. Tulisema ni uzee. Daktari niliyemuuliza alisema pengine ni uzee kweli, lakini sasa hakuna awezaye kujua. Nimelisoma jibu hilo kichwani mara mia, nikitafuta kosa.

Nilimkuta mwalimu sokoni Keumbu, mstaafu sasa, akichagua ndizi. Nikamuuliza kama alijua.

"Chuoni walituambia tufunike pua," akasema, akacheka. "Sasa leso za darasa zima ningetoa wapi? Lakini ubao ulikuwa mweusi, ama?"

Ulikuwa mweusi. Niliupenda ubao ule, nikampenda yeye kuliko baba. Sasa ubao hauko, jiwe hatujui nani alilichukua, na nyanya hayuko. Nilitaka tu mwalimu aseme pole, si kwangu, kwa nyanya.

Akaniomba nimbebee mkungu hadi barabarani. Nikaubeba.