Kompyuta ya Hadia na Picha ya Bibi Mwandu

Hadia alikuwa na studio ya picha mjini Mpanda, chumba kimoja jirani na soko. Miaka ya nyuma alipanda pikipiki na kamera kifuani, akifuata harusi na ubatizo Magamba, Katumba, hadi Mishamo. Picha zote alizihifadhi kwenye kompyuta ya mezani aliyoachiwa na marehemu mumewe, Yunusi. Watu walipomshauri anunue mpya, alisema hii bado inamtii.

Kiangazi kile ikaacha kumtii. Ilijizima katikati ya kazi na kujiwasha upya, kama mtu aliyeshtuka usingizini. Hadia akalaumu umeme. Akahamisha waya kwenye soketi nyingine, akaazima stabilaiza kwa jirani muuza vitambaa, lakini wapi. Taa zinawaka vizuri, feni ya darini inazunguka, kompyuta peke yake ndiyo inazima.

Wakati huohuo akaja Kabula, mke wa mfugaji wa Kisukuma kutoka upande wa Magamba. Alikuwa ametoka kumzika mama yake, bibi Mwandu. Bibi huyo hakupenda kamera. Alikubali kupigwa picha mara moja tu, siku ya harusi ya Kabula, na mpigaji alikuwa Hadia. Nakala ya nyumbani ililoana masika, upepo ulipoezua bati mvua ikaingia. Sasa Kabula alitaka asafishiwe nyingine, kubwa, ya kutundika ukutani.

Hadia akamwambia arudi Ijumaa. Habari za mashine hakumwambia. Mgeni alipoondoka, akafungua folda ya harusi ile, na kabla picha hazijatokea kioo kikawa cheusi. Akajaribu tena na tena, ikawa vilevile.

Fundi aliyemwita alitazama kidogo tu, akasema ni virusi, dawa yake ni kupiga windo upya, yaani kuiwekea programu ya kuiendesha mwanzo kabisa, na vilivyomo vitafutika. Hadia akamshukuru, akamwomba asiiguse, kisha akaipakia mashine kwenye bajaji mpaka kwa Selestine, rafiki wa siku nyingi wa Yunusi, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio na kompyuta karibu na stendi.

Selestine hakukimbilia bisibisi. Alimuuliza kwanza inazima wakati gani, na yeye huwa anafanya nini. Hadia akafikiri, akajibu kwamba asubuhi inavumilia, lakini jua likishakolea haimalizi hata picha moja, na picha nzito ndizo zinaiangusha upesi.

"Shemeji, kwanza tukutoe wasiwasi," alisema Selestine. "Picha zikiwa salama, haya mengine ni kazi ya mikono tu."

Akachomoa diski, akaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yake mwenyewe. Folda zikajipanga moja baada ya nyingine. Hadia akamwonyesha ya harusi ya Kabula, na pale katikati akatokea bibi Mwandu, mzima kabisa, kiganja mdomoni. Hadia akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akasema alhamdulillah kwa sauti ndogo. Selestine alinakili kila kitu kwenye diski ya pili kabla hajagusa chochote.

Kisha akaiwasha ile kuukuu bila diski, akaiacha kwenye ukurasa wa mipangilio unaoonyesha joto la prosesa, ubongo wa mashine. Wakakaa wakiitazama. Joto likapanda, likapanda, mashine ikajizima. Selestine akasema basi si virusi, maana virusi wangebaki kwenye diski. Hii inajiokoa isiungue.

Alipofungua kava, Hadia aliona haya. Vumbi jekundu lilikuwa limejishona kwenye feni ya prosesa kama sufi ya mto. Kumbe kila asubuhi alipofagia studio, mashine ilikuwa inavuta sehemu yake. Akaomba brashi, akafagia mwenyewe mapanga ya feni huku Selestine akikwangua pesti ya kupozea iliyokauka kama tope na kupaka mpya. Walipoiwasha tena, joto lilipanda kidogo likatulia. Wakaifungulia makusudi picha nzito nyingi kwa pamoja, katika jua lilelile la mchana. Haikutikisika. Hadia akagundua kwamba tangu asubuhi hajala kitu, akaagiza wali maharage wa watu wawili.

Ijumaa Kabula alikuta picha imeshatoka. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama. Hadia akamuuliza kwa nini mama alikuwa ameziba mdomo, au ni mapengo.

"Hapana, dada," alisema Kabula, akianza kutabasamu. "Alikuwa ananicheka mimi. Nilikuwa nimevaa viatu vya kukodi, vimenizidi, nikawa natembea kama bata."

Wakacheka wote wawili. Hadia akaiviringisha picha taratibu ndani ya gazeti, akaifunga na uzi, akamsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Aliporudi ndani alikuta kompyuta inanguruma polepole, kazi ya mteja mwingine ikiwa bado wazi kwenye kioo, akaketi kuiendeleza.